Mpira wa breki waweza kuziba kwa ndani huku nje ni mzima? Probox yashika gurudumu la mbele kushoto (Malindi)

#1 Mkaazi_wa_Mayungu
Salaam aleikum wanajamvi. Nina Probox ninayoitumia kupeleka bidhaa za duka kati ya Malindi mjini, Mambrui na Gongoni, na usiku huilaza Mayungu, karibu kabisa na ufuko. Kwa muda sasa gurudumu la mbele la kushoto limekuwa likishika breki lenyewe. Asubuhi gari huondoka vizuri, lakini nikishakanyaga breki mara kadhaa kwenye matuta huwa zito na kuvuta kushoto, na nikisimama rimu ya upande huo haigusiki kwa joto, ilhali ya kulia ina uvuguvugu tu. Nikiliacha lipumzike kwa kadiri ya kunywa chai, gurudumu hujiachia.

Fundi wa kwanza amesema kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, imekufa, ninunue nyingine. Wa pili amesema mpira wa breki, yaani ule mrija unaopeleka mafuta kwenye kalipa, umeziba kwa ndani. Nimeuosha mpira huo, nimeukunja kwa mkono na kuumulika kwa tochi: hauna ufa, hauvuji, wala haujavimba. Je, mpira wa namna hiyo waweza kweli kuwa umeziba, au fundi anatafuta mteja wa mipira yake?

#2 DerevaWaGarsen
Pole, ndugu yangu. Fundi wa kwanza yuko sahihi nusu. Kalipa ya Probox huteleza juu ya pini mbili, na pini hizo zikikauka grisi au mipira yake ya kuzuia vumbi ikichanika, pedi ya ndani hubana na kubaki imebana. Vumbi la njia ya Garsen limenifundisha hayo. Usinunue kalipa nzima. Fungua pini, zisugue, zipake grisi ya breki inayostahimili joto, kisha uone.

#3 Mwalimu_wa_Ufundi
Swali la mwenye uzi lina jibu la moja kwa moja: ndiyo, mpira waweza kuziba kwa ndani bila kuonyesha dalili yoyote nje.

Mpira wa breki si bomba la tabaka moja. Ndani kuna mrija mwembamba unaopitisha mafuta, juu yake kuna nyuzi zilizosukwa ili usivimbe kwa shinikizo, na nje kuna ngozi ya kukinga jua, mawe na maji. Macho na mikono yetu hufika kwenye ngozi hiyo ya nje tu. Mrija wa ndani ukizeeka hulainika, huvimba, au hubanduka kipande kikaning'inia ndani ya njia.

Sasa zingatia jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Ukikanyaga breki, mafuta husukumwa kwa nguvu ya mguu wako iliyozidishwa na busta, hivyo hupita hata mahali palipobanwa. Ukiachia, hakuna nguvu ya namna hiyo ya kuyarudisha: kinachoirudisha pistoni ya kalipa ni mpira wake wa mraba, ile pete ya kuzuia mafuta yasivuje, ambao ulijipinda kidogo ilipotoka na sasa unajinyoosha. Nguvu hiyo ni ndogo mno, na kipande cha mpira kilichobanduka huizuia kama mlango unaofunguka upande mmoja. Shinikizo hubaki limefungiwa kwenye kalipa, pedi hubaki zimebana, na baadaye mafuta yakipenya polepole, gurudumu hujiachia. Hiyo chai unayokunywa ndiyo muda wa mafuta kurudi.

#4 Chuma_Chakavu
Namheshimu mwalimu, lakini tusimhukumu mpira kabla ya kuangalia kibano chake. Mpira wa mbele umeshikwa katikati na kibano cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya shokomzoba. Kwa gari linalolala Mayungu, kutu hujijenga kati ya chuma hicho na mpira, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huukaba mpira kutoka nje. Nimewahi kukata kibano cha namna hiyo kwa msumeno nikakuta mpira umebaki na kiuno. Ukiutazama kwa tochi juu na chini ya kibano utauona mzima, kwa sababu tatizo liko chini ya chuma chenyewe.

#5 TuktukMaweni
Ami Chuma, kwako wewe kila ugonjwa ni kutu, hata mtu akiumwa na jino.

Mimi nina swali jingine kwa mwenye uzi: pedi zilibadilishwa lini, na fundi alipoishusha kalipa aliiweka wapi?

#6 Mkaazi_wa_Mayungu
Ahsanteni nyote. TuktukMaweni, pedi zilibadilishwa mwaka huu huu kwenye gereji moja hapa mjini. Nilikuwapo. Kalipa ilikuwa ikining'inia kwa mpira wake wakati kijana akitafuta pedi dukani.

#7 TuktukMaweni
Basi hapo pana mshukiwa mwingine. Kalipa ni chuma kizito; ikining'inizwa kwa mpira, nyuzi za ndani huvutwa na mrija huweza kuchanika pale unapoingia kwenye kifungo cha chuma. Inatakiwa ifungwe kwa waya au kamba kwenye springi ya gari. Dhambi ya pili ni kuubana mpira kwa vaisigripi ili mafuta yasimwagike, kwa maana ngozi ya nje hujirudi ikapendeza macho, ila mrija wa ndani umeshapondeka.

#8 Mwalimu_wa_Ufundi
Badala ya kuendelea kukisia, mwenye uzi afanye jaribio. Endesha mpaka gurudumu lishike. Egesha mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, piga jeki, kisha weka stendi, kwa maana jeki peke yake haiaminiki. Jaribu kulizungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa limeshika, legeza kidogo nipo ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, ukiwa umeivalisha mrija wa plastiki unaoingia kwenye chupa.

Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likajiachia, basi kulikuwa na shinikizo lililofungiwa, na DerevaWaGarsen atatuwia radhi kuhusu pini zake. Mafuta yasiporuka na gurudumu likabaki limeshika, kosa ni la kalipa yenyewe: pini au pistoni iliyoshika kutu.

#9 FundiKijiweni
Nimesoma namba 8 na nina marekebisho. Jaribio hilo linaonyesha kwamba shinikizo limefungiwa; halionyeshi limefungiwa wapi. Mpira ulioziba, masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) isiyorudisha mafuta, na valvu iliyokwama ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigote) vyote vitatoa jibu lile lile kwenye nipo.

Utaratibu unaofaa ni kuanza juu na kushuka. Gurudumu likiwa limeshika, kwanza legeza neli za masta silinda. Likijiachia, tatizo liko kwenye masta au busta. Lisipojiachia, rudisha ukaze, kisha legeza kiungo cha paipu ya chuma na mpira, juu ya kalipa. Likijiachia hapo, kizuizi kiko kabla ya mpira, upande wa masta. Ikiwa litajiachia kwenye nipo pekee, mpira ndio mkosa, pamoja na kibano chake, nisije nikamuudhi Bwana Chuma.

Tumieni spana ya pete iliyokatwa mwanya wa kupitishia paipu, inayoshika nati karibu pembe zote, kwa sababu spana ya mdomo wazi huparura pembe za nati zilizoota kutu na mkaishia kukata paipu iliyokuwa nzima. Loweka nati kwa mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari, mwagieni maji mara moja, maana hubabua rangi.

#10 MamaDuka_Ngala
Samahani walimu wangu, mimi si fundi, nauza spea. Kila wiki huja kijana akataka mafuta ya breki, nikimwambia yamekwisha huomba ya usukani, akidai yote ni mafuta. Je, hilo haliwezi kuwa chanzo?

#11 Mwalimu_wa_Ufundi
Bi, umegusa jambo zito. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yametengenezwa kwa glaikoli, si kwa mafuta ya petroli, na mipira ya mfumo huo imechaguliwa kwa ajili hiyo. Ukitia mafuta ya usukani, ya gia au ya injini, mipira yote huvimba na kulegea: ya masta silinda, ya kalipa, ya silinda za nyuma, na mirija ya ndani ya mipira mirefu. Mpira wa masta ukivimba huziba kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kopo, na gari hushika breki lenyewe. Hapo kubadilisha mpira mmoja hakutasaidia. Vyote vyenye mpira hutolewa na paipu husafishwa.

Mwenye uzi afungue kopo la masta na atazame kile kifuniko cha mpira kilichomo ndani. Kikiwa kimevimba na kukataa kurudi mahali pake, ajue mafuta yamechanganywa.

Tena, mafuta ya glaikoli hunywa unyevu wa hewa. DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7 kipimo cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Kwa hewa ya pwani yetu, kopo lililofunguliwa na kuachwa rafuni halifai kuuzwa.

#12 MamaDuka_Ngala
Shukrani, mwalimu. Kuanzia leo akiomba ya usukani nitamnyima hata kama anayo pesa mkononi.

#13 Mkaazi_wa_Mayungu
Nimerudi na majibu, na yamenichanganya zaidi. Kifuniko cha kopo ni kizima, hakijavimba. Nilifanya jaribio la FundiKijiweni nikiwa na jirani. Mara ya kwanza masta haikubadilisha kitu, wala kiungo cha juu ya mpira. Nipo ilipofunguliwa mafuta yaliruka na gurudumu likazunguka. Tukarudia jioni baada ya kutoka mjini, na safari hiyo lilijiachia kiasi tulipolegeza kiungo cha juu, kabla hatujaigusa nipo.

Isitoshe, nilipolala chini ya gari niliona paipu ya chuma inayoelekea nyuma ina kutu ya magamba mahali inapopita kwenye vishikizo vya plastiki karibu na ekseli. Nikiikwaruza kwa ukucha, magamba hutoka.

#14 Chuma_Chakavu
Kutu. Sikusema?

Majira ya kusi mawimbi hupiga na hewa yote ya ufukweni hujaa chumvi. Chumvi hiyo hutua chini ya gari na hunyonya unyevu, hivyo chuma hakikauki hata siku isiyo na mvua. Kwenye vishikizo mchanga hujikusanya na kushika maji ya chumvi yakikaba paipu, na ndiyo maana kutu huanzia hapo, si katikati. Wengine huosha gari kwa maji ya kisima ambayo yenyewe ni ya chumvi, wakidhani wamelisaidia.

#15 MokoweBandarini
Napinga kidogo. Gari hilo limetoka Japani likiwa limetumika, na sheria yetu inaruhusu magari ya hadi miaka 8. Kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Nimepokea gari lililokuwa na kutu ya paipu kabla halijaonja hewa ya Malindi wala ya Lamu. Huenda Mayungu inasingiziwa.

#16 TuktukMaweni
Ninyi wa Lamu mna magari tangu lini? Nilidhani breki ya punda ni neno "shii".

#17 MokoweBandarini
Magari yetu hukaa Mokowe, barani, kaka yangu, na punda wetu hasomewi uzi mrefu kama huu ili asimame.

Kwa faida ya mwenye uzi: iwe kutu ni ya Japani au ya Mayungu, paipu yenye magamba hubadilishwa. Kutu ya rangi juu juu husuguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kutu ya magamba au vishimo imeshakula unene wa chuma, na ukuta wa paipu hauzidi milimita moja.

#18 DerevaWaGarsen
Hapa mjini kuna mafundi wanaokata sehemu iliyooza na kuunga kipande cha paipu ya shaba ya friji. Ni rahisi, haishiki kutu, na nimeendesha gari la namna hiyo hadi Hola na kurudi.

#19 FundiKijiweni
Bwana Dereva, Mungu amekuhifadhi, usimjaribu tena. Paipu ya friji haikutengenezwa kwa shinikizo la breki, na shaba tupu hugeuka ngumu kwa mtikisiko na mwishowe hupasuka. Iliyokubalika ni paipu ya chuma yenye kuta mbili, au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo ina nikeli kiasi cha asilimia 10. Hii hupindika kwa mkono na haishiki kutu kwa urahisi. Magari madogo mengi hutumia kipenyo cha milimita 4.75.

Viungo vya kubana kwa pete ya shaba, vile vya maji, havifai kabisa. Mdomo wa paipu hutanuliwa kwa mashine yake, yaani kupiga fleya, na kwa magari ya Japani mdomo hukunjwa mara mbili kwa pembe ya nyuzi 45. Mdomo wa mkunjo mmoja hupasuka. Ule wa mviringo wa magari mengi ya Ulaya haukai sawasawa kwenye kitako cha kiungo cha gari la Japani hata nati ikikubali kuingia. Wengi pia husahau kuivalisha nati kwenye paipu kabla ya kupiga fleya, wakalazimika kukata upya.

#20 DerevaWaGarsen
Nimekusikia, fundi. Lakini gari hilo bado linatembea.

#21 Mwalimu_wa_Ufundi
Mwenye uzi akiamua kubadilisha mipira, aibadilishe ya mbele yote miwili. Mmoja mpya na mwingine mkuukuu huweza kulifanya gari livute upande, na umri wao ni mmoja. Asome maandishi kwenye mpira anaonunua: mipira iliyofuata kanuni ya Marekani huandikwa DOT pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Mpira usio na maandishi yoyote mimi siufungi.

Washa za shaba zilizo pande mbili za boliti ya kalipa ziwe mpya, kwa kuwa zimeshapondwa kufuata sura ya mahali pa zamani. Mpira usisokotwe unapokazwa. Wengi wana mstari ubavuni wa kukusaidia kuona. Baada ya kufunga, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, gurudumu likining'inia na likiwa chini, uhakikishe mpira haugusi tairi wala hauvutiki. Kisha toa hewa, na kopo lisikauke hata mara moja.

#22 FundiKijiweni
Kuhusu kutoa hewa, kwa gari la usukani wa kulia kawaida huanzwa nyuma kushoto, kwa kuwa ndilo gurudumu la mbali na masta, ingawa magari mengine yana mpangilio wake. Pikapu na magari mengi ya mizigo yana valvu ya kupima uzito karibu na ekseli ya nyuma, na baadhi ya valvu hizo zina nipo yake. Ikisahauliwa, pedali hubaki laini na fundi humlaumu masta.

#23 Mkaazi_wa_Mayungu
Taarifa mpya. Mipira ya mbele yote miwili imebadilishwa, na paipu ya nyuma imewekwa ya shaba na nikeli na fundi mwenye mashine ya fleya. Nilimwomba aukate mpira wa kushoto kwa urefu: ndani, karibu na kifungo cha chini, mrija umebanduka ulimi mdogo. Lakini pale kwenye kibano pia pana alama ya kukabwa.

Gari sasa halivuti tena. Hata hivyo, nikirudi kutoka Gongoni rimu ya kushoto bado ina joto kuliko ya kulia. Inagusika, lakini tofauti ipo.

#24 TuktukMaweni
Ulimi karibu na kifungo cha chini: kalipa ilining'inizwa. Nadai soda yangu.

#25 Chuma_Chakavu
Na kibano je? Soda tugawane.

#26 DerevaWaGarsen
Joto lililobaki ni la pini. Nimelisema tangu namba 2, na hakuna aliyezifungua hadi leo.

#27 Mwalimu_wa_Ufundi
Inawezekana, lakini pia inawezekana kwamba joto la muda mrefu limeuunguza mpira wa mraba wa pistoni, nao umepoteza nguvu ya kuirudisha. Pini zitasogea vizuri na bado pedi itaparaza diski. Kalipa ifunguliwe, ibadilishwe mipira yake, na pistoni ikaguliwe kama ina vishimo.

#28 FundiKijiweni
Kabla ya kufungua kalipa nina shaka ya tatu, kwa sababu ya lile jaribio la jioni lililojiachia kwenye kiungo cha juu. Hilo mpira hauwezi kulieleza. Ikiwa fimbo ya busta inaisukuma masta kidogo hata mguu ukiwa umeondolewa, kitundu cha kurudishia mafuta hakifunguki sawasawa. Legeza nati mbili zinazoifunga masta kwenye busta, isogeze mbele kidogo pasipo kufungua paipu, uone kama gurudumu litajiachia.

#29 Mwalimu_wa_Ufundi
Fundi, fimbo ikiwa ndefu magurudumu yote yangeshika, si moja.

#30 FundiKijiweni
Si lazima yote. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana mfumo uliogawanywa kimshazari: mbele kushoto hushirikiana na nyuma kulia. Kitundu cha upande mmoja wa masta kikiziba, hayo mawili ndiyo yatakayoshika, na drami ya nyuma haimwonyeshi mtu joto lake upesi kama diski. Mwenye uzi, umewahi kuigusa drami ya nyuma kulia?

#31 Mkaazi_wa_Mayungu
La, sijawahi, nilikuwa nikilinganisha ya mbele tu. Kesho nina mzigo wa Gongoni, nitazigusa zote nne kabla gari halijapoa, na pini nitazifungua Ijumaa ili Bwana Dereva aridhike.

#32 DerevaWaGarsen
Grisi iwe ya breki, tafadhali. Usije ukatia ile ya beringi.